Upande wa Ndani wa Kitambaa

Mpiga pasi aliinua utumbo mpana kwa vidole viwili, akauweka mbali na pua yake, kama mtu aliyekuta soksi ya mgeni chini ya kitanda.

"Fundi, huyu mteja wako anavaa hiki kwenda wapi? Harusini?"

"Kiache hicho. Bado hakijapigwa bandi ya kushikiza."

"Na hii ndefu? Mkono wa shati la nyoka?"

"Utumbo mwembamba. Ushike taratibu, pamba itaminyika."

Mpiga pasi aliurudisha mezani kwa heshima ya kuigiza, kisha akajifuta vidole kwenye gauni. Walikuwa wamegawana chumba hicho miaka mingi, cherehani upande wa dirisha na meza ya pasi upande wa mlango, kiasi kwamba wateja wapya waliwadhania mke na mume. Wakiulizwa, kila mmoja alijibu kwamba hajawahi kuwa na mkosi wa kiasi hicho.

Kazi ya matumbo ililetwa na mwalimu wa chuo cha wakunga, mwanamke mwembamba mwenye mwendo wa haraka, aliyezoea kuanza kuzungumza kabla hajaketi. Sanamu ya plastiki ya chuo ilikuwa imeanguka ngazini ikavunjika, na yeye hakuisikitikia. Ile ilikuwa imekaa tu, alisema. Alichotaka ni kiwiliwili cha mtoto cha kitambaa, kikubwa kama mto wa kulalia, chenye tumbo la kufungua na kufunga, na ndani yake utumbo unaotembea.

"Unatembea kwenda wapi?" Fundi alikuwa ameuliza siku ile, chaki ikiwa sikioni.

"Nje. Halafu unarudi."

Akamweleza tangu mwanzo, akichora kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Mtoto anaanza akiwa bapa, matabaka matatu yamelaliana. Kisha kingo zake zinajikunja kuelekea mbele mpaka zinakutana, na tabaka la ndani linafungika likawa mrija.

"Kama kushona mkanda," alisema Fundi.

"Kama kushona mkanda. Ila ncha zote mbili zimezibwa. Juu, mahali pa mdomo, kuna utando. Chini, mahali pa kutokea choo, kuna utando mwingine. Wa juu unapasuka kwanza, wa chini baadaye."

"Kwa hiyo mtu ni bomba," alisema Mpiga pasi kutoka kwenye meza yake.

"Bomba lenye maneno mengi," alijibu Mwalimu bila kugeuka.

Sehemu ya katikati ya mrija huo, aliendelea, hukua haraka kuliko tumbo lenyewe, na ini nalo limejitanua likachukua nafasi yote. Basi kwenye wiki ya sita utumbo unatoka. Unapita kitovuni na kuingia kwenye kiungamwana, ile kamba inayomuunganisha mtoto na mama yake, na unakaa humo ukirefuka na kujizungusha kwenye mshipa wake wa damu. Kufikia wiki ya kumi tumbo limepanuka, na utumbo unarudi, ule mwembamba ukitangulia, huku ukimalizia kujizungusha.

"Watoto wote?"

"Wote. Wewe pia, Fundi."

"Wangu haukutoka," alisema Mpiga pasi. "Ungetoka usingerudi. Naujua."

Lakini jambo lililomteka Fundi halikuwa safari hiyo. Lilikuwa utando unaoushikilia utumbo kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo. Mwalimu alisema pindo lake, lile linaloshikana na utumbo, ni refu kuliko chumba hicho, na shina lake ukutani halizidi shubiri moja. Fundi alitoa chaki sikioni. Hiyo aliijua. Kitambaa kingi kilichokusanywa kwenye mshono mfupi: kiuno cha sketi ya mikunjo. Alikuwa ameshona mamia ya sketi hizo bila kujua kwamba kila aliyezivaa alikuwa na nyingine ndani.

"Basi hautajifunga fundo," alisema, "kwa sababu umeshikwa huku nyuma."

"Ndiyo kazi yake," alisema Mwalimu, na kwa mara ya kwanza akaketi.

Siku ambayo Mpiga pasi aliushika utumbo mpana kwa vidole viwili ndiyo siku ambayo binti yake Fundi alipitia dukani akielekea kupigwa picha ya tumbo. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuzaliwa, na ingawa sasa alikuwa mke wa mtu na mwenye ujauzito wa mwezi wa sita, baba yake hakuwahi kumwita vingine ila Kitinda. Mama yake alifariki yeye akiwa bado shule ya msingi. Alikulia chini ya meza hiyo ya kukatia, akiokota pini kwa sumaku.

"Baba, na mimi nitashonewa mtoto wa kitambaa? Huyu halii usiku."

"Wewe umeshajishonea wako. Mgongo unaendeleaje?"

"Afadhali." Alijipapasa kiunoni, juu ya mkanda mpana uliojificha chini ya gauni. Fundi mwenyewe ndiye aliyeushona, Kitinda alipoanza kulalamika kwamba kusimama kutwa kwenye duka la mikate kunamvunja mgongo. Aliuwekea safu mbili za lastiki na kulabu za kukazia, kazi safi, mishono minne iliyonyooka kama reli.

Kitinda alishika utepe wa kuvutia utumbo, ambao Fundi alikuwa ameshauingiza kwenye kiwiliwili kwa kujaribu, akavuta, na kitanzi cha utumbo mwembamba kikatokeza kitovuni. Akacheka. Akakisukuma kirudi kwa kidole gumba, akaondoka.

Aliporudi jua lilikuwa bado juu. Hakupita kwenye meza ya kukatia. Alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba mapajani, akitazama sakafu iliyojaa vipande vya vitambaa.

"Utumbo wa mtoto uko nje," alisema.

Mpiga pasi alidhani ni mzaha, akafungua kinywa kuujibu. Kisha akauona uso wake, akaizima pasi.

Daktari alikuwa amemwonyesha kwenye kioo cha mashine: kwenye shina la kiungamwana kulikuwa na kifuko, na ndani ya kifuko kulikuwa na utumbo. Si mwingi. Moyo ulikuwa mzima, na vipimo vingine havikuonyesha shida. Akazalie hospitali kuu, daktari alisema, ambako kuna mpasuaji wa watoto. Mtoto wa namna hiyo akizaliwa mahali penye mpasuaji, utumbo hufunikwa na kurudishwa mapema. Akizaliwa mahali pasipo na mtu wa kumshika, kifuko kikipasuka au kikiingia uchafu, mambo huwa mengine.

"Basi utakwenda hospitali kuu," alisema Fundi.

"Siendi."

"Kitinda."

"Siendi, Baba. Nitazalia hapa hapa, zahanati ya mtaani. Wakamkate mtoto mbele yangu, wananiuliza nilikula nini, nilifanya nini? Siendi."

Mumewe alikuwa kazini mbali, kwenye ujenzi wa daraja. Alipiga simu kila jioni, na kila jioni aliambiwa kwamba mke wake amelala. Kitinda alihamia kwa baba yake kwa muda. Asubuhi alikwenda kwenye mikate, jioni alirudi, akala kidogo, akajifungia chumbani. Fundi aliona kwamba kiuno cha gauni kilikuwa kimelegea. Mkanda hakuuona tena, wala hakuuliza uko wapi.

Hakuuliza kwa sababu alikuwa na jibu lake. Mchana, mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani, aliuona ule mkanda kama ulivyokuwa mezani: safu mbili za lastiki. Binti yake alisema moja ingetosha. Yeye ndiye aliyeweka mbili, kwa ufundi, kwa kujionyesha, kwa sababu mkanda wa safu moja hujiviringa. Tumbo limebanwa huku na huku. Ndani yake kuna mtoto mwenye tundu kitovuni. Kilicho laini hutokea penye upenyo. Mtu hahitaji kwenda chuo kulijua hilo. Ukikamua mto, sufi hutokea kwenye mshono mbovu.

Katika hali hiyo ndipo alipomalizia kazi ya Mwalimu.

Fundi yeyote hushona nguo ikiwa imegeuzwa, upande wa ndani ukiwa nje, ili mshono ujifiche. Maana yake ni kwamba kila kitakachokaa kulia kinashonwa kikiwa kushoto. Kwa miaka yote mikono yake ilikuwa ikifanya ubadilishaji huo yenyewe, bila kumsumbua. Hakuwa amewahi kuweka mfuko wa shati upande usio wake. Lakini juma lile hakuiamini mikono yake. Aliutandaza mchoro wa Mwalimu, akaunakili mshale kwa mshale, kama ulivyo, juu ya kitambaa kilichogeuzwa. Alikagua mara tatu. Kisha akakigeuza kiwiliwili, akakijaza, akakifunga na kukipeleka chuoni.

Kilirudi siku ya tatu, chini ya kwapa la Mwalimu.

"Shikamoo Fundi. Umenishonea mtu wa kwenye kioo."

"Marahaba. Wa kwenye kioo vipi?"

Mwalimu alifungua tumbo. "Kidole tumbo hiki hapa. Kiko wapi?"

Fundi alitazama. Aliweka mkono juu ya tumbo lake mwenyewe, upande wa kulia, chini. Akatazama tena.

"Kushoto."

"Kushoto. Umeuzungusha utumbo wote kwa kufuata mwendo wa saa, na mimi nilisema kinyume chake, ukimtazama mtoto usoni. Nimesimama mbele ya darasa zima, nimevuta utepe, nimezungusha, mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: Mwalimu, huyu akiumwa kidole tumbo tutampasua wapi? Wamecheka mpaka mmoja akatoka kwenda kunywa maji."

Mpiga pasi naye alianza kucheka, akajificha nyuma ya shati alilokuwa amelishika. Fundi hakucheka. Alikuwa ameshaliona kosa, lote, kwa mara moja, kama mtu anayeona chozi la nta kwenye suti nyeusi.

"Nilinakili kwenye upande wa ndani," alisema. "Sikugeuza. Nitafumua."

"Ufumue. Mshono wenyewe ni mzuri, hilo nalisema." Mwalimu alichukua mkoba wake. "Haraka haina. Mtihani bado."

"Mwalimu."

Mwalimu aligeuka. Fundi alikuwa anaupangusa mkasi ambao haukuwa na uchafu.

"Mwanamke mjamzito akifungwa mkanda. Tumboni. Mkanda wa kubana kweli."

"Nani huyo?"

"Mtu."

Mwalimu alimtazama, kisha akamtazama Mpiga pasi, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi kwenye kola ya shati.

"Alifungwa mwezi wa ngapi?"

"Wa nne, ukiingia wa tano."

"Na mtoto ana nini?"

Fundi hakulitaja. Kwa ncha ya mkasi alikigusa kitanzi cha kitambaa kilichotokeza kwenye kitovu cha sanamu.

Mwalimu hakusema pole. Alivuta kiti, akaketi, akaongea kwa sauti ile ile aliyoitumia kuagiza kazi.

"Utumbo hurudi ndani kwenye wiki ya kumi. Ukichelewa, ya kumi na mbili. Wa huyo mtoto haukurudi. Mwezi wa nne ulipokwisha, jambo hilo lilikuwa limeshatokea zamani. Mkanda ulikuwa bado haujakatwa."

"Labda ungerudi baadaye. Labda mkanda ndio uliozuia."

"Haurudi baadaye. Na mkanda wa nje haumfikii mtoto aliye ndani. Yumo kwenye maji, maji yamo kwenye nyumba ya uzazi. Ukikamua mto sufi inatoka, ndicho unachowaza, siyo?"

Fundi aliinamisha kichwa juu ya mkasi.

"Mtoto si mto. Huyu hakutokwa na utumbo. Utumbo wake ulikwenda mahali ambapo wa kila mtu huenda, ukabaki huko."

"Kwa nini?"

"Mara nyingi hatujui."

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo jibu la kweli nililonalo. La uongo ninaweza kukutafutia."

Fundi aliuweka mkasi chini. "Sema tena lile la mkanda."

"Mkanda ulikuja baada."

"Tena."

"Fundi," alisema Mwalimu, akainuka. Mlangoni alisimama kidogo. "Huyo mtu, akazalie penye mpasuaji. Hilo tu ndilo la kufunga mkanda kwa ajili yake."

Siku ya mapumziko Fundi alikipeleka kiwiliwili nyumbani, akakilaza juu ya meza ya kulia, chini ya dirisha. Alitoa utumbo wote ukalala mezani kama kamba ya kuanikia. Akaanza kufumua kwa wembe, mshono mmoja baada ya mwingine, akikusanya nyuzi kwenye kisosi.

Kitinda alitoka chumbani kutafuta maji. Alipita, akarudi, akasimama na glasi mkononi.

"Si ulikuwa umeshamaliza?"

"Nilikosea."

"Wewe?"

"Nimeuzungusha kinyume. Nilichora upande wa ndani nikasahau kugeuza. Kidole tumbo kikatokea kushoto, darasa zima likanicheka."

Kitinda alimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani kutoka chini ya meza, akitafuta pini. "Hujawahi kukosea kugeuza."

"Sasa nimewahi. Kaa hapa unishikie. Macho yangu na uzi mweupe hatuelewani."

Alikaa kwa shida, tumbo likigusa ukingo wa meza. Baba alimkabidhi kitanzi cha katikati. Akafumua utando wa nyuma, akaukusanya upya mkunjo kwa mkunjo, akaupiga bandi. Kisha akaingiza mkono ndani ya kiwiliwili na kukisukuma kitanzi kitovuni.

"Vuta. Taratibu. Sasa uko nje."

Kitinda alikuwa amekishika kile kitu cha pamba kiganjani mwake. Hakuvuta zaidi.

"Kwa nini umeshona mlango pale?"

"Ndiko kunakopitwa. Watoto wote wanapita. Mimi nilipita, wewe ulipita, mama yako, Mpiga pasi."

"Wa Mpiga pasi ulirudi?"

"Ulirudi ukilalamika."

Alicheka, pumzi tupu, na kicheko kikakatika katikati. Akakilaza kitanzi mezani.

"Baba. Ule mkanda niliuchoma."

Fundi aliacha sindano ilipo.

"Nilikudanganya," alisema Kitinda. "Mgongo ulikuwa hauniumi kiasi kile. Nilitaka mwenye duka asijue mapema, angeniondoa. Kila asubuhi nilikaza mpaka kulabu ya mwisho. Nashusha pumzi, nakaza. Nimemsukuma mtoto mwenyewe, Baba. Kwa mikono yangu. Halafu niende hospitali kuu waniulize?"

"Mimi niliweka safu mbili."

"Safu za nini?"

"Za lastiki. Ulitaka moja. Tangu siku ile, nikikanyaga cherehani, ninaziona."

Walitazamana juu ya utumbo mwembamba uliotandazwa. Ilionekana kwamba walikuwa wameishi nyumba moja majuma kadhaa, kila mmoja akiuficha mkanda mmoja kutoka kwa mwenzake.

"Nilimuuliza Mwalimu," alisema Fundi. "Utumbo ulitakiwa kurudi wiki ya kumi. Ukichelewa, ya kumi na mbili. Mkanda ulikuja baada. Na hata ungekuja kabla, haumfikii."

"Amesema hivyo ili usilie."

"Nani, yule? Yule hajui kumbembeleza mtu. Ameniletea kidole tumbo changu kwapani akaniambia nimeshona mtu wa kwenye kioo. Nilimuuliza kwa nini basi, akasema hawajui. Anayetaka kukupoza moyo hasemi hajui."

Kitinda alianza kuhesabu kwa vidole juu ya ukingo wa meza, akirudi nyuma, kutoka siku aliyouvaa mkanda mara ya kwanza. Alihesabu, akasita, akaanza upya kwa mkono wa pili. Mdomo wake ulikuwa ukisogea bila sauti. Fundi alishona. Alishona hatua tatu ambazo baadaye alilazimika kuzifumua.

"Mwezi mzima na zaidi," alisema Kitinda hatimaye. "Alikuwa ameshakuwa hivyo mwezi mzima na zaidi."

"Ndiyo."

"Na mimi sijui chochote. Ninauza mikate."

"Ndiyo, mama."

Alikichukua tena kitanzi. Alikizungusha, akamtazama baba yake.

"Huku?"

"Kinyume na saa. Umemtazama usoni?"

"Nimemtazama."

"Basi ndiyo. Anza na huu mwembamba, uende kushoto. Mpana unafuata."

Ulirudi ndani wote, mpaka kidole tumbo, kikakaa kulia. Kitinda aliweka kiganja juu ya kitovu cha kitambaa na kukiacha hapo.

"Mpasuaji mwenyewe," aliuliza, "anatumia uzi gani?"

Mtoto alizaliwa hospitali kuu, wa kike, akilia kwa sauti ambayo mkunga alisema haina hitilafu yoyote. Kifuko kilikuwa kidogo kama limau, kizima na chenye kung'aa, na kwa ndani ulionekana utumbo ukisogea. Walikifunika, wakampeleka. Mpasuaji alikuwa kijana mwenye vidole vifupi. Alitoka baadaye akasema kwamba utumbo umeingia wote na kuta za tumbo zimekutana bila kuvutwa. Fundi alitaka kumuuliza kama aliufuata mwendo wa saa au kinyume chake, ila mkwe wake, aliyekuwa amesafiri mchana na usiku kutoka darajani, tayari alikuwa amemkumbatia daktari yule na hakuonyesha dalili ya kumwachia.

Ikabaki kungoja. Muuguzi alieleza kwamba utumbo ulioshikwa hulala. Hawawezi kumlisha mtoto mpaka uamke, na ushahidi kwamba umeamka ni mmoja tu: apate choo. Maji ya mshipa yangemshikilia kwa sasa. Lakini choo kikikawia mno, ingebidi wafungue tena waangalie kilichozuia.

Basi watu wazima wanne wakakaa kwenye benchi la ukumbi wa wodi wakisubiri choo. Mpiga pasi alikuja kila alasiri na nepi ambazo Fundi alikuwa amezishona kwa pamba iliyobaki kwenye kazi ya Mwalimu. Alizipiga pasi mpaka zikasimama zenyewe kama barua.

"Amepata?"

"Bado."

"Umri wangu wote," alisema Mpiga pasi, "sijawahi kuyaombea mavi ya mtu."

"Punguza sauti, dada," alisema muuguzi akipita.

"Nipunguze ya nini? Asikie, ajue anasubiriwa."

Kitinda alikuwa akiingia na kutoka, akitembea taratibu kwa kujishika kiuno, maziwa yakimlowesha kifua. Siku ya kwanza bado. Ya pili, bado. Mpasuaji alipita asubuhi, akaweka sikio la kipimo kwenye tumbo la mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko jana yake.

Mawazoni Fundi alikuwa amekwisha kuingia tumboni mwa mtoto, naye anaifuata njia kwa vidole. Umio, ulionyooka kama mshono wa bega. Mfuko wa chakula, uliopinda. Kona ya kwanza, ile fupi, panapomwagikia nyongo. Kisha mwembamba, mzunguko juu ya mzunguko, kila mmoja umeshikwa na mkunjo wake. Kisha kulia, chini, kwenye kidole tumbo. Kupanda, kukata kushoto chini ya mbavu, kushuka. Hapakuwa na kona ambayo hakuwa ameishona mara mbili. Kila alipofika mwisho alianza tena juu.

Siku ya tatu, alasiri, Kitinda alitoka wodini. Alitembea upesi kuliko ilivyomfaa. Alikuwa amekunja nepi mikononi mwake, ameibeba kwa viganja viwili kama anayeogopa kumwaga.

"Baba."

Wote watatu wakasimama. Mkwe akaanza kulia kabla hajaona chochote.

Fundi aliipokea, akaifungua. Doa lilikuwa pana kama kikombe, jeusi lenye ukijani, zito kama lami. Maisha yake yote alikuwa ameondoa madoa: wino, kutu, mafuta ya cherehani, chai ya watu waliokunywa huku wakijaribishwa suti.

"Lete nikafue," alisema Mpiga pasi, sauti ikiwa si yake. "Likikauka hilo halitoki."

"Subiri kidogo."

Alikwenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga kwa ncha mbili, kama anavyofanya na kitambaa kigeni kabla ya kukikata, ili ajue upi ni upande wa nje na upi wa ndani. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Doa lilikuwa limepenya, na pande zote mbili zilikuwa sawa.